Fundi wa Nguo Agombea Kamati ya Mtaro

Jirani yangu hapa Magogoni ni fundi wa nguo, naye ni kiziwi tangu utotoni. Lugha ya ishara nilijifunza kwa ajili yake. Sikwenda darasani, nilitazama video kwenye simu, nikajirekodi, nikajitazama, nikafuta, nikaanza upya. Yeye alinisahihisha huku akishona, kwa kunipiga kofi dogo kiganjani. Niseme ukweli: hata leo nikikosea ishara moja mbele ya watu, usingizi hauji.

Kwa hivyo aliponiambia anataka kugombea kiti katika kamati ya mtaro, na kwamba mimi ndiye nitakayemsemea mkutanoni, nilitamani kukataa. Kaunti ilikuwa imekubali kutujengea mtaro wa maji ya mvua, na mtaa ulitakiwa kuchagua watu wa kuisimamia kazi. Nyumba yake ndiyo iliyo chini kuliko zote. Kila masika cherehani hupanda juu ya meza, meza juu ya matofali, na yeye juu ya kitanda. Mtaro ukipitishwa vibaya, itambidi ahame.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kortini. Nilijifunza ishara ya bajeti, ya mteremko, ya mkandarasi. Kumbe hakuna hata moja iliyohitajika.

Tulikutana Jumapili baada ya alasiri katika darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yametugusa videvu. Mwenyekiti alikuwa mzee wa mtaa. Fundi aliposimama kuomba kura, jirani mmoja mwenye nyumba za kupanga akanyanyua mkono.

"Mwenyekiti, mimi sina ubaya na mama huyu, wallahi. Kanzu zangu zote hunishonea yeye. Lakini kamati ni maneno. Mtu asiyesikia wala kusema ataiweza vipi?"

"Muulize mwenyewe," akasema mzee wa mtaa. "Si huyo mbele yako?"

Nikamfasiria fundi lile swali. Jibu lake lilikuja mbio: "Bwana huyu amejenga ngazi juu ya njia ya maji. Maji yakizikuta yanageuka, yanakuja kwangu. Hayapigi hodi. Yanapanda kitandani na viatu."

Mimi nikaingiwa na woga. Yule ni mtu mzima, na mimi ni binti wa juzi tu. Nikasema, "Anasema kuna baadhi ya majengo ambayo yamezuia mkondo wa maji."

Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Muuza mahamri wa mtaani kwetu, aliyeketi dawati la mbele, akapiga miayo.

Fundi akawatazama, kisha akanigeukia. "Mbona hawacheki?"

"Nimelisema kwa adabu."

"Adabu ninayo mwenyewe. Sema nilivyosema."

Nikasema alivyosema, mpaka kwenye viatu. Muuza mahamri akapiga meza. "Na viatu! Jamani, na viatu!" Darasa zima likaangua kicheko. Mwenye nyumba akasimama.

"Ngazi zangu zina kibali!"

"Cha nani? Cha mkeo?" akauliza muuza mahamri.

"Hiyo ngazi hata mimi ilinibwaga, mzee," akadakia kijana wa bara anayefanya kazi bandarini. "Na unga wote ukamwagika."

"Ulikuwa umelewa!"

"Mimi nimeokoka!"

Sasa wote watatu walikuwa wakisema kwa pamoja, na mikono yangu ni miwili tu. Nikaanza sentensi ya mmoja, nikaimalizia na ya mwingine. Nikaacha. Jambo nililoliogopa tangu mwanzo lilikuwa limenifika, mbele ya mtaa mzima. Nikamwambia fundi, "Wanasema wote mara moja. Nimeshindwa."

Hakukasirika. Alitoka mbele akaenda kusimama karibu na muuza mahamri, macho kwa macho, akangoja. Muuza mahamri akasema yake, mimi nikafasiri. Akahamia kwa kijana wa bandarini. Sijui ni kwa nini, lakini hakuna aliyetaka kupiga kelele mgongoni kwake. Kila aliposimama, mtu mmoja alisema na wengine wakanyamaza.

Wa mwisho alikuwa mwenye nyumba. Alipoona kwamba hana wa kushindana naye, sauti yake ilishuka.

"Zisivunjwe tu," akasema. "Mamangu magoti hayamsaidii. Bila ngazi zile hatoki nje."

Hilo sikulijua, na sidhani kama kuna aliyelijua. Nikalifasiri kama lilivyo. Fundi akafikiri kidogo, kisha akajibu: "Hakuna haja ya kuvunja. Mtaro upite chini ya ngazi, na juu tuwekewe kifuniko imara. Mkandarasi nitamsimamia mimi. Mlango wangu unatazama hapo hapo. Siku za kazi nitamshika mama mkono kupanda na kushuka."

Mwenye nyumba akamtazama, akaketi.

Mzee wa mtaa akaita kura kwa mikono. Ilinyanyuka mingi. Wa mwenye nyumba ulifika karibu na sikio, ukasita.

"Huo nao niuhesabu, bwana, au unajikuna?"

"Uhesabu, uhesabu."

Fundi akaingia kamati. Akaombwa aseme neno la shukrani. Akashukuru kwa ufupi, kisha akafanya ishara ambayo sikuwahi kuiona. Ningeweza kubuni kitu, na pengine siku nyingine ningebuni.

"Ishara hii siijui," nikawaambia watu. "Ngojeni nimuulize."

Wakangoja. Hakuna aliyenicheka. Fundi akairudia, safari hii akainama, akasukuma, akanyanyua, akamwaga.

"Beleshi!" akapaza sauti kijana wa bandarini.

Ndiyo. Alitaka kila nyumba ilete beleshi Jumamosi asubuhi, tuondoe taka kwenye njia ya maji kabla mafundi wa kaunti hawajaja.

"Mwambie langu limekatika mpini," akasema mwenye nyumba.

Nikamwambia. Fundi akajibu papo hapo, nami safari hii sikupunguza hata chembe: "Anasema ulilete hivyo hivyo, utachimba umechutama."

Mwenye nyumba alicheka kabla ya wote, kisha akauliza tutaanza saa ngapi.