Kesi ya Maegesho ya Wilf Entwistle

Wilf Entwistle alikuwa fundi wa mabasi mjini Burnley mpaka alipostaafu. Waliomfahamu walisema hakuna nati iliyoshindikana mikononi mwake, wala mtu aliyewahi kumnyamazisha. Siku ya harusi yake aligombana na mchungaji kwa sababu saa ya kanisa ilikuwa nyuma, na Doreen, bibi harusi, akacheka mpaka shela ikamvuka.

Uzeeni Doreen akapata ugonjwa wa kutetemeka, ule unaomgandisha mtu katikati ya hatua, mguu ukakataa kuinuka kama uliogundishwa sakafuni. Starehe iliyombakia ilikuwa chai na keki kila Alhamisi, katika mkahawa mmoja kwenye uwanja wa maduka. Kuegesha gari pale ni bure kwa saa mbili. Zikipita, kamera imeshakuona.

Alhamisi moja Doreen aliganda mlangoni mwa mkahawa. Wilf hakumvuta, alijua akimvuta ataanguka. Alisimama naye, akamwimbia polepole kama nesi alivyowafundisha, mpaka mguu ukubali. Watu walikuwa wakiwapita wakisema samahani, samahani. Walipofika kwenye gari walikuwa wamelowa chapachapa kwa mvua na muda umekwisha.

Haukupita muda, kampuni inayosimamia maegesho yale ikamdai paundi themanini na tano.

"Lipa tu, Baba, yaishe," Janice, binti yao, alimwambia kwa simu kutoka Leeds.

"Silipi."

"Basi nitalipa mimi."

"Thubutu! Halafu Krismasi usikanyage kwangu."

Wilf aliwaandikia akieleza hali ya mkewe. Wakamjibu kwamba wanampa pole, ila masharti yamo kwenye kibao. Akaandika tena, deni likapanda. Mwishowe wakampeleka mahakamani.

Jirani yake Shabana, mwenye saluni, ndiye aliyekuja na wazo. "Anko, peke yako hawa watakutafuna mzimamzima. Ngoja nifungue ukurasa mtandaoni watu wachange, tutafute wakili wa maana."

"Nani anipe hela yake mimi? Hata hawanijui."

"Wewe hawakujui. Ila kampuni ile wanaijua vizuri sana."

Ilitakiwa picha ya mume na mke. Doreen akagoma kupigwa picha na nywele zile, basi Shabana akamtengeneza palepale jikoni, bure. Picha ikapanda, na michango ikaanza kudondoka. Alitoa nesi wa Hull, akatoa dereva wa lori, na mjane mmoja alituma paundi mbili akiomba radhi kwa uchache wake. Wengine waliandika neno tu: "Watwange, babu!" Jioni Wilf alimsomea Doreen maneno yale kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, naye akatabasamu kwa upande wa uso uliokuwa bado unamtii.

Wakili aliyepatikana, Imogen Threlfall, hakuwa mtu wa kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Sikudanganyi, Bwana Entwistle. Hii tunaweza kushindwa."

Wakashindwa. Jaji alikuwa mpole, alimsikiliza Wilf mpaka mwisho, kisha akasema kibao kilikuwa kikubwa na kilisomeka, na Wilf alikisoma.

"Tosha sasa, mume wangu," Doreen alimwambia nje ya mahakama. "Twende nyumbani."

Lakini fedha za watu zilikuwa bado zipo, na rufaa ilikuwa wazi. Imogen akamkalisha chini. "Sikia vizuri. Ukiishia hapa, umeshindwa wewe peke yako. Tukipanda juu tukashindwa, hukumu ile itawabana na wengine wote wanaodaiwa kama wewe."

Wilf akatazama simu ya Shabana, ujumbe juu ya ujumbe. "Hawa wote wananingoja," alisema. "Nitawaambia nini, kwamba nimeogopa?"

Doreen aligeuza uso dirishani.

Majira yale ya baridi nyumba ya Wilf haikutulia. Leo mwandishi wa gazeti, kesho redio, keshokutwa wakili. "Leo si Alhamisi?" Doreen alikuwa akiuliza, na Wilf, mkono ukiziba simu, alimjibu, "Ijayo, mpenzi. Ijayo nakupeleka." Februari Doreen alishikwa na homa ya mapafu, akafa kabla rufaa haijasikilizwa. Mazishini Wilf hakubishana na mtu yeyote, na hilo ndilo lililomtisha Janice.

Alikwenda London na suti ileile aliyomzikia mkewe. Majaji watatu walisema kwamba gharama ile iliwekwa kubwa ili watu waogope kupitiliza muda, na kuogopesha namna hiyo si kosa. Kuhusu ugonjwa wa Doreen walitoa pole. Michango yote iliyobaki ikamezwa na gharama za kesi. Kwenye ukurasa wengi waliandika maneno ya faraja, na mmoja akaandika: "Hela yetu hiyo, imekwenda na maji."

Kiangazi kilipofika, yule nesi wa Hull, Bridie, aliomba namba yake akampigia.

"Sikupigii kukulaumu, mzee wangu. Ila nimekamatwa na mimi. Nilichelewa kutoka zamu ya usiku, gari likapitiliza muda. Nimewabishia, na unajua wamenijibu nini? 'Kwa mujibu wa hukumu ya Entwistle.' Jina lako limo humo kabisa."

Wilf aliketi. "Wanawaandikia watu hivyo?"

"Wenzangu wawili hapa kazini wameandikiwa vilevile. Sasa nikasema nikuulize wewe uliyepigana nao. Nifanye nini?"



"Lipa, binti yangu."

"Wewe ndiye unaniambia nilipe?"

"Hakuna kitu kingine. Kilikuwepo, nikakimaliza mimi. Lipa."

Siku ileile alimwomba Shabana aufunge ukurasa. Shabana alimwekea pilau mezani, akakaa naye. "Si kosa lako, Anko."

"Mke wangu aliniambia tosha," alisema Wilf, na pilau ikapoa mbele yake.

Kabla mwaka haujaisha Janice alimhamishia Leeds, kwenye chumba cha nyuma. Majirani wa kule wanamjua kama mzee mtaratibu asiye na neno na mtu. Mmoja wao, kijana anayefanya kazi za bima, aliona jina kwenye bahasha iliyopotea njia, akamletea mlangoni.

"Entwistle? Usiniambie una undugu na yule wa kesi ya maegesho."

"Hapana," alisema Wilf, akapokea bahasha yake. "Kule kwetu jina hilo tuko wengi."