Tagi Iliyopanda Mlima Meru

Nakumbuka siku niliyoolewa, mjukuu wangu, kwa sababu nilifika kwa mume nikifuatana na tagi. Usicheke! Tagi ni chombo kidogo cha baharini cha kuvuta meli na matishali, zile mashua bapa za mizigo, na mimi bahari sijaiona mpaka leo. Kaa kwanza. Na hiyo hasira yako nayo ikae.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani. Nilitoka kwetu Sokon, nimepakwa mafuta, nimevishwa shanga, naenda kwa babu yako Loishiye huku Olmotonyi. Kwetu bibi harusi hatembei kama anayekimbizwa. Anasimama njiani, na haondoki mpaka aahidiwe mbuzi au ndama. Basi nikasimama kabla ya mto. Babu yako, mama yake na ndugu zao waliokuja kunichukua wakataja mbuzi, nikanyamaza. Wakataja ndama, kimya. Walidhani nina tamaa, kumbe mwenzao nimeshikwa na woga.

Wingu la mvua lilikuwa limetanda mlimani, na babu yako alikuwa na damu ya moto kama wewe. Akanishika mkono, akanivuta kwa nguvu. Nikakaza miguu. Uzi wa shanga za mkononi ukakatika, shanga zikamwagika matopeni, wanawake wakashika vinywa. Nikasema, "Narudi kwa mama." Na ningerudi kweli, wewe nisingekuona.

Hapo hapo tukasikia kishindo mtoni. Gari la maksai lilikuwa limekwama na pipa kubwa la chuma, watu wamechapa mijeledi mpaka mnyororo umekatika. Pembeni ya pipa mzee mmoja wa Tanga mwenye kofia, Mzee Bakari, anafoka: "Ebo! Mnavuta au mnapigana?"

Sisi Kiswahili tulikuwa hatukijui. Babu yako alikiokota mjini, ndiye akatutafsiria. Lile pipa lilikuwa la kuchemshia maji, mvuke wake ndio ulioiendesha tagi, na Mzee Bakari alikuwa mchochea moto wake tangu ujana, wakivuta matishali ya mizigo kule bandarini Tanga. Tagi ikazeeka, ikaliwa na kutu, ikavunjwa. Pipa likanunuliwa na Mjerumani mmoja mwenye mashine ya kupasulia mbao hapa Olmotonyi. Mzee akakataa kuliacha lije peke yake.

"Tagi yangu ilikuwa ndogo kuliko kila ilichokivuta," alisema. "Lakini hatukukurupuka. Kamba inakazwa polepole kwanza, mpaka anayevutwa ajue mko pamoja. Ndipo unavuta."

Wakaunga mnyororo. Maksai wakasogezwa taratibu, mnyororo ukakaza, wakaambiwa twende! Pipa likatoka, tope linatiririka. Vigelegele hivyo!

Babu yako akanitazama. Akachutama, akaokota shanga zangu matopeni, akanitilia kiganjani. Akauliza, "Unaogopa nini?"

"Mama yako," nikasema.

Watu walicheka mpaka maksai wakageuka. Mama mkwe ndiye aliyecheka zaidi. "Hata mimi nilimwogopa wa kwangu," akasema. "Nakupa mtamba wangu mwekundu. Twende nyumbani, mwanangu." Nikavuka mto bila kugeuka nyuma, tukapanda mlima nyuma ya pipa tukiimba. Nilikuwa na furaha jamani, sikujua naiweka wapi.

Pipa likaendesha mashine miaka mingi. Honi ya tagi, iliyokuja na pipa, ililia kila asubuhi, na babu yako hakuchoka kunitania: "Umemsikia mshenga wako?" Mjerumani alipoondoka mashine ikanyamaza. Babu yako akaliomba pipa, likakatwa katikati. Ndilo hilo hori unalonyweshea ng'ombe. Ulikuwa ukiogea humo ulipokuwa mdogo, na kutoka hutaki.

Sasa, kesho unakwenda Sokon kumrudisha mkeo aliyekimbilia kwao. Nimekusikia ukijigamba utamleta atake asitake. Thubutu! Ukifika, waamkie wazee, kaa, kunywa utakachopewa. Usitaje kurudi mpaka umwulize anaogopa nini, na jibu ulisikilize mpaka mwisho, hata kama anayeogopwa ni wewe. Mke haburutwi, mwanangu. Akijua mko pamoja, miguu yake mwenyewe itamleta.

Na akisema ananiogopa mimi, mwambie yuko mtamba mwekundu anamsubiri pale horini. Haya, Mungu akutangulie, akupe ulimi laini, na jua la kesho lisizame kabla sijawaona wawili.