Sifuri Mbili za Ziwa Tanganyika

Nilitoka mtaani kwangu Mutakura, kaskazini mwa jiji, asubuhi kwa sababu ya barua ya mistari minne. Shangazi yangu Mariamu, ambaye nyumba yake ya ufukweni imejaa maji hadi madirishani, alikuwa ameomba kiwanja mlimani. Ofisi ya viwanja ikamjibu kwa barua hiyo kwamba, kwa mujibu wa kitabu cha vipimo cha bandari, ziwa limeshuka; arudi kwake. Arudi wapi? Kambale wanalala chumbani mwake.

Simuni nilibeba mchoro wa rafiki yangu Aline, anayesoma jiografia chuoni. Alinieleza kwamba setilaiti hupita juu yetu ikirusha mwanga wa leza. Mwanga hugonga uso wa maji na kurudi, na muda wa safari hiyo ndio unaotaja kimo cha ziwa. Msimu baada ya msimu, mstari wa mchoro ulipanda.

Saa tatu, bandarini. Nilimkuta Hasani, ambaye kila asubuhi husoma ubao wenye namba uliosimamishwa majini na kuandika kitabuni. Nilimwuliza ziwa limeshukaje. Alicheka, akanionyesha maji matupu kando ya ubao.

"Mbao ya zamani iko hapo chini, dada. Sasa samaki ndiyo wanaisoma. Walipiga hii mupya huku juu, ikaanza tena na ziro."

"Na ulisema?"

"Mi wananilipa kusoma, apana kusema."

Niliondoka haraka, nisije nikamsukuma aufuate ubao wake.

Saa sita, ofisini. Bwana mwenye shati lililopigwa pasi aliutazama mchoro kwa adabu. Nikamweleza sifuri mbili, ya ubao wa zamani chini na ya ubao mpya juu, na kwamba ndiyo maana kitabuni ziwa linaonekana limeshuka. Alisikiliza hadi mwisho.

"Iyo setilaiti yako iko na kashe?"

Nikamsogezea simu karibu zaidi.

"Bila muhuri, madamu, ni picha tu."

Nilirudi kaskazini kwa miguu, kwa kuwa hasira ilinikataza kukaa kitako. Mwanga umetoka mbinguni, umegusa maji yetu, umerudi bila kupotea. Neno moja limeshindwa kutoka bandarini hadi ofisini, mwendo wa robo saa.

Jioni, Mutakura. Shangazi alikuwa akianua godoro uani. Analianika kila siku tangu alipohamia kwangu, na bado linanuka ziwa. Nilimsimulia yote. Juu ya ofisi hakuuliza kitu.

"Iyo mwanga inapitaka juu ya nyumba yangu?"

"Inapita, shangazi."

"Basi ilijua mbele mi nijue. Iliambia nani?"

Nilikuwa nimeondoka nikimtafuta mwongo wa kumkaba shati, nikajifunza kwamba hakuna aliyedanganya. Hasani alisoma sawasawa, karani wa ofisi akanakili namba zake sawasawa, bwana wa pasi akaamini kitabu. Kila mmoja alifanya kazi yake, na nyumba ya shangazi ikazama katikati yao.

Alilipiga godoro kofi la mwisho, akakaza kitenge kiunoni.

"Kesho tunaenda wote. Mi najua kuogelea. Nitashuka na kamba mpaka ku mbao ya zamani, nipime maji yenye iko juu yake. Hasani ataandika namba, na bandari iko na kashe."