Ernestina Aenda Luang Prabang Kutalii

Ernestina alikuwa ameishi Brooklyn Park miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo alisafiri kwa ndege mara sita, zote kwenda Bukoba. Kila safari alibeba masanduku mawili yanayoruhusiwa na la tatu lisiloruhusiwa, yamejaa viatu vya watu ambao nyayo zao alitumiwa zimechorwa kwenye karatasi. Kila mara alirudi Minnesota amechoka kuliko alivyoondoka. Ndiyo maana mwaka 1997, wakati wa chakula cha jioni, alimtangazia mumewe kwamba likizo hii anakwenda mahali ambapo hana ndugu hata mmoja.

Mwita, mhandisi wa barabara na mtu asiyependa safari isiyo na sababu, aliweka kijiko chini.

"Huko utafikia kwa nani?"

"Kwenye nyumba ya wageni."

"Una nani huko?"

"Sina mtu, Baba Tulia. Nakwenda kutalii. Wazungu wanakuja kwetu kutalii kila siku na hakuna anayewauliza wamefikia kwa nani."

Mahali penyewe palikuwa Luang Prabang, mji wa zamani wa wafalme wa Laos. Aliupata kwenye kalenda. Ernestina alifanya kazi kwenye maabara ya hospitali moja kule Anoka, meza moja na mwanamke Mlao aitwaye Chanthavy, aliyezaliwa mji huo na kuukimbia akiwa msichana. Chanthavy alibandika kalenda ukutani, yenye picha ya hekalu ambalo paa lake lilishuka chini karibu kugusa ardhi, kama kuku aliyefunika vifaranga. Ernestina aliitazama picha ile mwaka mzima akihesabu chembe za damu za watu.

"Kuna mtu unataka nikusalimie huko?" alimuuliza Chanthavy, huku akiomba moyoni jibu liwe hapana.

"Hakuna aliyebaki," Chanthavy alisema. "Nenda tu ukaangalie."

Rafiki yake Serah, Mkenya aliyekuwa muuguzi, hakuelewa hata kidogo. "Mama Tulia, hebu nieleze polepole. Huendi harusi, huendi kuona mgonjwa. Sasa kutoka asubuhi hadi jioni utakuwa ukifanya nini?"

"Nitaangalia mahekalu."

"Yote?"

"Kumi na manne. Nimeyaorodhesha."

Jambo ambalo Ernestina hakulisema ni kwamba alikuwa amechoka na vitunguu. Shughuli yoyote ya Watanzania wa Minnesota, iwe Inver Grove Heights au mtaa wa jirani, simu ya kwanza ilipigwa kwake, kwa sababu aliweza kupika pilau ya watu mia mbili bila kuandika chochote. Mwaka ule pekee alikuwa amesimamia masufuria ya shughuli kumi na moja. Alitaka siku kumi ambazo asingekuwa shangazi wa mtu wala mwenyekiti wa jiko.

Basi mwezi wa kumi na moja akaondoka na sanduku moja jepesi, kofia pana, raba mpya na kamera. Alipita Tokyo, akapita Bangkok, akapita Vientiane, na mwisho akapanda ndege ndogo iliyotetemeka juu ya milima mpaka akajuta kwa muda.

Siku mbili za kwanza alitalii sawasawa. Alimkodi mwongozaji, mwalimu mmoja wa shule aitwaye Bounthan aliyejua Kiingereza, akapanda naye ngazi mia tatu na zaidi za mlima ulio katikati ya mji. Juu kabisa aliona mito miwili ikikutana, na mapaa ya mahekalu yakimetameta kati ya minazi. Alisimama mbele ya hekalu la kalenda, akalipiga picha, kisha hakujua afanye nini tena. Wenyeji nao walimtazama yeye kuliko yeye alivyolitazama hekalu. Bibi mmoja alimshika mkono, akausugua kidogo, akatabasamu. Ernestina alitabasamu pia, akaweka alama ya tiki kwenye orodha.

Siku ya tatu Bounthan hakutokea. Ernestina alimsubiri saa nzima, kisha akauliza nyumba hadi nyumba kwa kutaja jina lake. Alimkuta uani kwa jirani yake, amebeba viti.

"Samahani sana, mama," Bounthan alisema. "Mzee wa nyumba hii amefariki. Leo siwezi. Ila hekalu la nne liko karibu tu, unaweza kwenda mwenyewe."

Ernestina alimpa pole, akageuka aondoke. Kwa bahati mbaya, au njema, alitazama upande wa jikoni. Wanawake kama ishirini walikuwa wameketi kwenye mikeka wakimenya vitunguu saumu na kukata kiini cha shina la mgomba, kitu ambacho kwao Bukoba hulishwa ng'ombe. Kando yao mama mmoja alikuwa akifunga chakula kwenye majani ya mgomba, na kila jani alilolikunja lilipasuka.

Alijikaza. Alitembea hadi kwenye geti. Alirudi.

Alivua kofia, akachuchumaa, akachukua jani moja na kulipitisha juu ya moto, upande huu kisha upande ule, mpaka likabadilika rangi na kulainika kama kitambaa. Akalikunja. Halikupasuka. Wanawake waliacha visu vyao wakamtazama. Wenyewe walijua kazi hiyo vizuri. Siku ile mwenye kuifanya alikuwa na haraka tu. Kilichowashangaza ni kwamba mgeni huyu naye aliijua. Mmoja akasema jambo, wengine wakacheka kwa sauti ya chini.

"Wanasemaje?" Ernestina aliuliza.

"Wanauliza kwenu ni kijiji gani," Bounthan alisema.

"Waambie Kamachumu."

Bounthan akawaambia. Waliitikia kwa vichwa kana kwamba iko ng'ambo ya mto. Kisha wakamsogezea rundo la majani.

Alikaa pale siku tatu. Siku ya pili aliketi jirani na binti wa marehemu, mwanamke wa umri wake, aliyevaa nyeupe ya msiba. Ndipo Ernestina alipomkumbuka baba yake. Mzee alifariki mwaka 1988, wakati karatasi za ukaazi za Ernestina hazijatoka. Angeondoka Marekani asingeruhusiwa kurudi. Alilia kwenye kochi, Brooklyn Park, huku wanawake wamejaa sebuleni wakimkataza hata kuosha kikombe. Baba yake alizikwa bila yeye kumenya hata ndizi moja. Sasa alimenya vitunguu saumu vya mzee asiyemjua jina, machozi yakamtoka, na hakuna aliyeshangaa. Binti wa marehemu alimpa kitambaa.

Mahekalu aliyoyaona yalikuwa matano.

Aliporudi, Mwita alizipitia picha moja moja mezani. "Mama Tulia, hii ni sufuria."

"Ndiyo."

"Na hii?"

"Sufuria nyingine."

Chanthavy alizitazama kwa muda mrefu zaidi, wakati wa mapumziko kazini. Hakumtambua mtu yeyote. Picha ya majani yaliyokunjwa aliishika karibu na macho. "Ndani walitia nini?"

"Samaki, majani membamba ya kunukia, na kitu sijui jina lake. Kilikuwa kichungu kidogo."

Jumamosi ile, theluji ikianguka, wote wawili walikwenda Saint Paul kwenye duka la Waasia, wakanunua majani ya mgomba yaliyogandishwa na mimea mitatu ambayo Chanthavy aliinusa akiwa na mashaka. Walipika jikoni kwa Ernestina mchana kutwa wakibishana. Ule uchungu hawakuupata. Mwita alikula vifurushi vinne, akasema si vibaya, ila vingefaa zaidi viwe vya nyama ya ng'ombe.