Alama Nyekundu kwenye Boila

Mama Kigen ndiye aliyemuunguza Mzee Sospeter miguu, na karatasi inasema ni mimi. Nalisema hili kwanza ili anayesoma asingoje mpaka mwisho kulijua.

Naitwa Dévote. Shule sikuwahi kuingia. Kusoma Kiswahili nilifundishwa na katekista kambini Tanzania, ambako sisi Warundi tuliishi miaka mingi kabla ya kuletwa Texas. Kiingereza nasikia nusu, kukisoma siwezi. Huu ni mwaka wa sita nafanya kazi DeSoto kwa Mama Kigen, muuguzi Mkenya anayetunza wazee watatu nyumbani kwake. Kuwaogesha, kuwapikia na kuwageuza kitandani ni mimi. Chumba changu kiko nyuma, ukuta mmoja na kijichumba cha boila.

Nyumba ni ya zamani. Boila moja inachemsha maji ya redieta zinazopasha vyumba joto, na hiyohiyo inapasha maji ya bomba. Kuna valvu inayotakiwa kuyachanganya na maji baridi kabla hayajafika bafuni, lakini ilikuwa imekwama. Nilimwambia Mama Kigen mara tatu. Akasema baridi ikiisha ataita fundi. Baridi iliisha, fundi hakuja, baridi ikarudi.

Aliyenifundisha boila ni Mzee Sospeter mwenyewe. Alisimamia boila ya kiwanda cha chai huko Murang'a miaka thelathini na moja, kabla binti yake Jerioth, anayekaa Carrollton, hajamleta huku. Sukari imeua hisia za miguu yake, na kumbukumbu zake zinakuja na kuondoka, lakini mbele ya boila alikuwa na akili zake zote. Nilikuwa namsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni, naye anainamisha kichwa na kusikiliza.

"Usiupandishe moto ovyo," aliniambia. "Nyumba ikiwa baridi, kwanza toa hewa kwenye redieta. Hewa ikikaa ndani, hata uchemshe namna gani, itabaki baridi juu. Halafu ngoja. Maji hayakimbizwi."

Tulijaribu siku nne, kidogo kidogo. Yeye alisema zungusha, mimi nikazungusha kitufe cha moto, kisha nikaenda kupima maji ya bomba kwa kiwiko, mpaka tukapata mahali ambapo vyumba havina baridi na maji hayaunguzi. Ni mia na ishirini kwa vipimo vya hapa. Hapo nikapaka nukta ya rangi ya kucha, nyekundu. Tangu hapo, kila asubuhi Mzee aliuliza, "Nani yuko zamu?"

"Ni mimi, Mzee."

"Iko kwenye alama?"

"Iko kwenye alama."

Ndipo alipokubali kunywa chai.

Jumapili moja ya Januari, barabara zikiwa barafu tupu, ilikuwa zamu ya Mama Kigen kukaribisha watu wa maombi, saa nane mchana. Nilikuwa jikoni nakaanga mandazi, unga mpaka kwenye vifundo vya mikono. Akaingia amejifunga koti.

"Hii nyumba ni friji. Watu wataomba na makoti?"

"Nimetoa hewa sasa hivi, Mama Kigen. Baada ya saa moja itakuwa sawa."

"Baada ya saa moja wageni wako mlangoni. Si uongeze tu?"

"Ukiongeza pale, maji ya bomba nayo yanapanda. Valvu imekwama."

"Hayo umesomea chuo gani?"

"Mzee alinifundisha."

Akacheka. "Huyo Mzee leo asubuhi ameniita kwa jina la marehemu mkewe. Geuza mandazi, fundi, yanaungua."

Hayakuwa yanaungua. Akatoka, na nikasikia mlango wa boila ukifunguliwa na kufungwa. Hapa sijifichi: nilisikia. Mafuta yalikuwa motoni, nikajisemea nikitoa karai hili nitakwenda kutazama.

Karai lilifuatwa na lingine. Kumbe Jerioth naye alikuwa anakuja kwenye maombi, na Mama Kigen alitaka amkute baba yake amenawishwa. Kazi hiyo ni yangu, na sijawahi kuifanya bila kutia kiwiko kwanza. Yeye alijaza beseni akiwa amevaa glavu nene za mpira, akatumbukiza miguu ya Mzee, akaenda kupokea simu.

Nilipoingia, chumba kilikuwa na mvuke na Mzee anatabasamu, maana hakusikia chochote.

"Moto umepanda," akasema. "Nani yuko zamu?"

Niliitoa miguu. Ngozi ya kisigino ilibaki kwenye taulo.

Nilimwita Mama Kigen apige simu ya ambulensi. Hapohapo nikasikia bomba la bafuni likifunguliwa. Ni Bibi Dorothea, mmoja wa wazee wetu, anayependa kunawa mwenyewe. Nilimvuta mkono, nikakimbilia boila. Mshale ulikuwa kwenye mia na themanini. Nikaurudisha kwenye alama. Sikufikiri, mkono ndio uliofanya.

Jerioth alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu ngazi za mbele ziliganda. Alinikuta nimeshika.

"Unafanya nini hapo?"

"Narudisha moto chini."

"Nani aliupandisha?"

Mama Kigen akatokea nyuma yake, mikono mitupu, glavu ameshazivua. "Jerioth, pole, mpenzi. Nimemwambia huyu mara ngapi asiguse hiyo kitu. Hata namba hajui kusoma. Ona unga."

Unga wangu ulikuwa pale, kwenye kitufe. Nisingekigusa, kingekuwa safi, na kila mtu angejua kwamba mwenye unga hakufika hapo. Jerioth alikuwa ameshakimbilia kwa baba yake. Mzee alipoulizwa, alisema kosa ni la watu wa zamu ya usiku kiwandani.

Valvu ilibadilishwa siku ya tatu. Mama Kigen alinipa karatasi ya Kiingereza. "Weka sahihi tu, ni ya kuonyesha ulikuwepo." Niliandika jina. Baadaye Sandrine, Mrundi mwenzangu, alinisomea nakala: inasema nilipandisha moto, nikajaza beseni, na ninakiri.

Nimeomba kazi kwenye nyumba mbili nyingine. Wakishatafuta jina langu kwenye orodha ya serikali ya watunzaji waliodhuru wazee, hawapigi tena simu. Sina gari, sina chumba kingine. Mama Kigen huwaambia wageni kwamba amenibakiza kwa huruma, huku mimi nawamiminia chai. Boila ameitia kufuli, na ufunguo unakaa kwenye funguo za gari lake. Kupitia ukutani nasikia hewa ikigonga kwenye mabomba, najua la kufanya, na siwezi kufika.

Sandrine sasa ndiye anayemtunza Mzee huko Carrollton. Kisigino kimoja hakijafunga. Anasema kila asubuhi Mzee anauliza nani yuko zamu, na akijibiwa na mwingine anaisukuma chai. Kumweleza Jerioth hathubutu. Ana watoto wanne na ndiyo kazi aliyonayo.

Jerioth hajaniuliza mpaka leo ilikuwaje. Swali hilo namdai. Lakini deni kubwa ni la Mama Kigen, Orpa kwa jina lake la ubatizo: aende Carrollton, akae mbele ya Jerioth, aseme, "Moto niliupandisha mimi, na beseni nililijaza mimi." Gari analo, na njia anaijua.