Njahi za Cucu

Nilijua kwamba cucu amekufa nikiwa nimekwisha kula njahi zake. Nalisema jambo hili kama lilivyo, maana sina namna ya kulipamba. Nilikuwa nimeketi mlangoni hapa Makongeni, Thika, mtoto kifuani, akapita jirani yangu anayeuza sukuma wiki. Akaweka kikapu chini akaniambia, "Pole, mama. Nasikia nyanya yenu mlimzika vizuri." Kisha akaniangalia usoni, akajua amekosea, akaokota kikapu chake akaenda zake bila kuniuzia hata jani.

Walikuwa wamemzika kule Ruiru siku zile mimi niko kitandani nanyonyesha. Mama alikuwa amekuja na chungu kilichofungwa kwa kitambaa cha cucu, akasema, "Cucu amekutumia njahi." Kwetu mwanamke akizaa hupikiwa njahi, yale maharagwe meusi yenye kamstari keupe, yakapondwa na ndizi, ili maziwa yaje. Nikala, tena nikala nikilalamika. "Cucu amezeeka," nikamwambia mama. "Siku hizi njahi zake ni ngumu kama changarawe." Mama akasema, "Ndiyo, amezeeka," akageuka akaanza kukunja nepi.

Sasa wewe niambie kama hasira yangu ni ya bure.

Cucu alikuwa mama ya baba yangu, na mimi ndiye niliyepewa jina lake. Kwa hiyo baba aliniita maitu, yaani mama yangu, na akinituma maji aliniomba kwa adabu, watu wakacheka. Sikumbuki mengi mengine juu ya baba. Askari wa mkoloni walimchukua wakati wa hali ya hatari, wakampeleka kizuizini, mama akiwa na mimba. Sisi tukahamishiwa kijijini pamoja na wengine, nyumba zimebanana, handaki limetuzunguka, na moshi wa kila jiko unaingia kwa jirani kama mgeni asiyebisha hodi.

Usidhani cucu alikuwa nyanya wa kusimulia hadithi. Hakujua hadithi hata moja. Alijua kulisha watu. Asubuhi baridi ikiwa bado inauma alikuwa amekwisha kukoroga uji, ule mchachu, na sauti ya mwiko wake ndiyo iliyoniamsha. Halafu tulikwenda kuchuma kahawa katika shamba la mzungu, mimi nikimfuata nyuma na kikapu changu kidogo. Umande ulitulowesha mpaka kiunoni. Kutoka mtoni ilikuja harufu ya maganda ya kahawa yanayooza, harufu chachu iliyoshika nguo, na hata leo nikiipata njiani lazima nisimame.

Jioni alipopakua aliwapa watu wote, kisha akachota sehemu ya baba, akaitia katika nusu ya kibuyu, akaifunika kwa jani la mgomba. Kila jioni. "Mtu wa nyumba akiwa safarini haondolewi kwenye chungu," alisema. Asubuhi chakula kile kilikuwa changu. Mama alimtania, "Mama, utamnenepesha huyu kwa chakula cha mume wangu. Akirudi atakuta mtoto amekuwa pipa." Cucu naye alimjibu, "Akirudi atapikiwa kingine. Wewe unaogopa nini?"

Ndugu yangu alizaliwa wakati wa mavuno. Bado alikuwa mchanga kabisa, hata juani hajatolewa, siku ile mtu mmoja alipotujia katikati ya mistari ya kahawa. Alikuwa jirani yetu wa zamani, ametoka kizuizini, amekonda mpaka koti linamning'inia. Akavua kofia. "Mama," akamwambia cucu, "mwanao hatarudi."

Cucu hakuacha kuchuma. "Umemwona kwa macho yako?"

"Nilimshika miguu tulipombeba."

Mikono ya cucu iliendelea. Kisha akauliza, "Alikuwa amekula?"

Yule mtu akavaa kofia, akaondoka akipita mistari ile ile.

Cucu akaniinamia, akanishika kidevu kwa vidole vinavyonata utomvu. "Wewe umesikia, na huwezi kurudisha. Lakini mama yako asisikie. Maziwa yake ni ya mtoto. Habari hii ikimfikia kabla mtoto hajashika shingo, hajaweza kuinua kichwa mwenyewe, yatakauka, na tutakuwa tumezika wawili."

Jioni ile kwenye kipimo, nyapara aliingiza mkono katika debe la cucu akatoa kahawa mbichi, za kijani, tele. Cucu, ambaye tangu nimjue hakuwahi kuchuma ya kijani. "Leo macho umeyaacha nyumbani, mama?" nyapara akamwambia, na vijana wake wakacheka. Akaimwaga yote chini. Cucu akakaa akaichagua, nyekundu huku, kijani kule, mimi namsaidia, mpaka wanawake wengine wote wakawa wamekwenda. Hakutoa chozi.

Tulipofika nyumbani alipika njahi, akamlisha mama, akambeba mtoto, akamcheka pua. Halafu akachota sehemu ya baba. Ndiyo. Alichota, akafunika kwa jani, kama jana na juzi, maana angeacha, mama angeuliza. Asubuhi akanipa. "Kula, mwenzangu," akaniambia. Nikala. Nilimeza chakula cha baba yangu aliyekufa, mama kando anacheka eti nimenenepa, na cucu ananitazama mpaka kibuyu kiwe cheupe.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka mtoto akashika shingo. Siku hiyo cucu alimketisha mama akamwambia, na alipomaliza kusema ndipo yeye mwenyewe akalia. Alikuwa amekiweka kilio kile kama watu wanavyoweka mbegu. Kilipotoka, majirani walikuja wakidhani nyumba inaungua. Mama hakumsemesha mpaka mvua nyingine. Walipika chungu kimoja bila neno, mmoja anatia kuni, mwingine anakoroga.

Kwa hiyo nilipoambiwa na muuza sukuma, nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda Ruiru siku hiyo hiyo, nikamkuta mama uani anachambua mboga. Sikumsalimu.

"Wewe uliyefanyiwa," nikamwambia, "ndiwe uliyenifanyia?"

"Ni yeye aliyesema. Njahi alizichagua mwenyewe akiwa kitandani, moja moja, zenye wadudu akazitupa. Akaniambia, mpelekee, na usimwambie mpaka mtoto ashike shingo."

"Na ukakubali."

"Mimi nilikasirika," mama akasema. "Lakini ndugu yako si yuko? Si ni mwanaume mzima? Hasira haiui mtoto." Akaendelea na mboga. Baadaye akaongeza, bila kuniangalia, "Nilizipika mimi. Sikuziloweka vizuri. Nilikuwa nalia."

Nilizunguka nyumba. Njahi za cucu, zile zilizotambaa juu ya ua wote wa nyuma na maua yake ya zambarau, baba mdogo amekwisha kuzing'oa apande kahawa. "Hizo hazina soko," akaniambia, "na aliyekuwa akizipenda hayuko." Jikoni yamebaki mafiga matatu tu, majivu yamepoa. Ile nusu ya kibuyu niliitafuta kila mahali. Watoto walikuwa wameichotea mchanga ikapasuka.

Akina mama wa siku hizi hapa Thika wanaletewa mkate na soda wakizaa, na wanasema asante. Mimi pia nililetewa. Lakini nani sasa atakayeambiwa mtu amekufa, naye aulize kama alikuwa amekula?

Nikaenda kaburini. Udongo ulikuwa bado mwekundu, haujaota hata nyasi. Mtoto akalia mgongoni, na hapo maziwa yakashuka, yakalowesha nguo mpaka tumboni. Nilikuwa nimekwisha kujua kwamba amekufa. Nilikuwa nimelia kutoka Makongeni mpaka pale, na bado yalikuwa yanatoka tele. Cucu alikosea. Wangeniambia, ningekuja, ningemtupia udongo kwa mkono wangu, na mtoto angenyonya vile vile.

Nikaketi chini nikamnyonyesha hapo hapo, ili cucu amwone. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi makali. Yakanitoka machache tu: kwamba njahi zilikuwa ngumu, na kwamba nilizimaliza zote.