Kukinga Si Kutetea

Nilipelekwa Iringa kuwa mkalimani wa mahakama nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Kwetu ni milimani, juu ya mji wa Mbeya, na sikuwahi kuishi mbali na mama yangu isipokuwa shuleni. Kihehe sikukijua, na Kisafwa changu hapakuwa na mtu wa kukisikia.

Nilipanga chumba mtaa wa Makorongoni kwa mzee mmoja muuza nguo ambaye wazazi wake walitoka pwani. Alinitendea vizuri, lakini wageni wake walipunguza sauti kila nilipopita uani. Kwa raia mkalimani alikuwa mtu wa serikali. Kwa Wazungu alikuwa raia. Jumapili nilikwenda kanisani, nikakaa benchi la nyuma, nikarudi kupika na kufua shati. Zilipita siku nyingi nisiongee ila mahakamani, na huko nilisema maneno ya wengine. “Mimi niliiba.” “Mimi sikumpiga.” Mimi huyo hakuwa mimi.

Kiingereza changu kilikuwa cha shule. Mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kuandika ubaoni maneno yanayofanana ili tuyakariri kwa pamoja. Upande mmoja aliandika kulinda, kukinga, kutetea, kuhifadhi. Upande wa pili protect, defend, guard. Hakuchora mstari wa kuunganisha lipi na lipi. Alisema hayo yote ni ndugu, ukikosa huyu mchukue yule. Tuliamini, na tukafaulu mtihani.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado nyingi, aliletwa mahakamani mama mmoja mjane kutoka upande wa Igowole. Alishtakiwa kumficha mtoro. Kibarua wa shamba la chai alikuwa amempiga nyapara wake kwa mpini wa jembe na kukimbia, na askari walimkuta asubuhi ndani ya jiko la mama huyo, amelala karibu na majivu. Kesi yote ilisimama juu ya jambo moja: je, mama alijua kwamba mtu yule anatafutwa?

Alikuwa mfupi, amejifunga kaniki, na alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Kiswahili alikijua kidogo, akasema angejaribu. Bwana shauri, yule afisa Mzungu aliyesikiliza kesi, alimuuliza kwa nini alimweka mtu huyo nyumbani kwake. Mama akanitazama mimi, siyo yeye.

“Mvua ilikuwa inanyesha,” alisema. “Nilimkinga.”

Ningeweza kusema protect. Lakini nilikuwa kijana, nikipenda maneno mazito yanayofanana na mahakama, na ulimi ukachukua defend. Nikamwambia bwana shauri kwamba mvua ilikuwa inanyesha na mama alim-defend.

Bwana shauri aliacha kuandika. Aliuliza alimtetea dhidi ya nani. Nikaligeuza swali lile kwa Kiswahili kama lilivyokuja, nami nikatumia neno kutetea. Mama alishangaa. Akasema hakumtetea mtu, na kosa la mtu yule hakulijua. Nikatafsiri hivyo hivyo, neno kwa neno. Basi kwenye karatasi ya bwana shauri ikawa kwamba mama amesema alimtetea, na dakika ile ile amesema hakumtetea. Inspekta wa polisi, aliyeendesha mashtaka, alisimama akasema mtu hawezi kumtetea mwenzake asipojua nani anamjia, na huyu mama anabadilisha maneno kwa kuwa anajua kosa lake. Mama alifungwa miezi mitatu.

Siku ile sikuona nilichokifanya. Nilihisi tu kwamba kuna kitu hakikukaa sawa, nikadhani ni njaa.

Ilipita kama wiki mbili. Mchana mmoja nilikuwa navuka kwenda posta na mafaili, mvua ikanikuta, nikakimbilia kibaraza cha bohari ya serikali. Mara bwana shauri naye akaja mbio, kofia mkononi, akasimama kando yangu. Alikuwa mtu mkimya, lakini siku hiyo alitaka kuongea. Alisema kwa Kiingereza kwamba sote wawili tunafanya shelter.

Neno hilo nilikuwa nimeliona katika kamusi tu, limetafsiriwa kimbilio. Nikamuuliza, kwa heshima, tunamkimbia nani.

Alicheka. Akasema hatumkimbii mtu. Kisha, labda kwa kuwa mvua haikupungua, akaanza kunieleza kama mwalimu. Ukisema defend, alisema, lazima awepo adui, naye anakuja, na wewe unasimama mbele yake. Guard ni kukaa macho, hata kama adui hatakuja kamwe. Protect ni kubwa, inabeba yote hayo. Lakini shelter ni paa tu. Unampa mtu nafasi chini ya paa, na huna haja ya kujua anatoka wapi wala amefanya nini.

Nilisimama nikiwa nimekumbatia mafaili. Nilikuwa naogopa kupoteza kazi yangu, nakiri. Nilihesabu matone yaliyokuwa yakidondoka kwenye ukingo wa bati, kisha nikasema:

“Bwana, yule mama wa Igowole alisema hilo. Mimi ndiye niliyesema lile jingine.”

Hakucheka tena. Aliniuliza nirudie neno la mama kwa Kiswahili, nikalirudia. Akavaa kofia yake akaondoka ndani ya mvua.

Kesho yake aliniita ofisini, nikaandika maelezo yangu na kutia sahihi. Faili lilipelekwa mahakama kuu, Dar es Salaam. Jibu lilichelewa. Mama alitolewa akiwa amebakiza siku tisa kumaliza kifungo chake.

Jumamosi moja ya baridi nilipanda lori la mbao, nikashuka Igowole nikauliza njia. Nilimkuta shambani. Mahindi yake yalikuwa yameliwa na nguruwe pori, yamebaki mabua. Nilimwamkia, akanipa kigoda mlangoni na viazi vya kuchemsha. Nilijaribu kumweleza habari ya yale maneno mawili ya Kiingereza. Alisikiliza mpaka mwisho. Sidhani kama alielewa tofauti yao, na kwa nini aelewe?

“Mwanangu,” alisema, “mle mahakamani nilikuwa simwelewi mtu. Nilipokuona wewe nikasema, huyu ni wangu.”

Nikachukua jembe lake nikang'oa mabua mpaka jua lilipoanza kushuka. Majirani walipita njiani wakatazama kaptula yangu ya khaki na viatu, hawakusalimu. Nilipomwambia mama kwamba ningekuja tena mwezi ujao kumsaidia kulima, alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Alisema watu wakiniona pale watafikiri ameitwa tena mahakamani, na tangu atoke gerezani kuna nyumba mbili tu zinazompa moto wa kuwashia.

“Nimeshakusamehe,” alisema. “Lakini usije.”

Sikwenda. Mwaka ule ulipokwisha niliomba kuondolewa mahakamani, nikarudishwa Mbeya kupanga mafaili ya ardhi. Mama yangu alifurahi, akaniuliza kwa nini nimeacha kazi yenye heshima. Nilimwambia Iringa ni mbali sana. Hilo nalo lilikuwa kweli.